Mali Bila Daftari: Funzo la Monasteri za Kaukazi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii nimeifundisha darasani kwa miaka mingi, nikiichambua muundo wake na maana yake, bila kudhani kwamba siku moja ingenigeukia na kunishtaki mimi mwenyewe. Ilinigeukia mwaka jana, nikiwa mbali na nyumbani, katika ziara ya nchi mbili jirani zilizo upande wa kusini wa milima ya Kaukazi: Georgia na Armenia.

Tulikuwa watu kumi na wanne, wengi wetu walimu wa lugha. Tulikuwa tumehudhuria kongamano mjini Tbilisi, na lilipokwisha tukachanga nauli ya ziara ya siku nane, tukiongozwa na wenyeji, ili tuzuru monasteri kongwe za nchi hizo. Kwa msomaji asiyezifahamu, monasteri ni makao ya watawa waliojitenga na ulimwengu ili wasali na kufanya kazi. Nchi zote mbili ziliupokea Ukristo katika karne ya 4, na makao hayo yametapakaa milimani na mabondeni. Mimi sikwenda kuhiji. Nilikwenda kama mwanaisimu aliyetaka kujua jinsi lugha mbili za mataifa madogo, yaliyotawaliwa na Waajemi, Waarabu, Wamongoli, Waturuki na Warusi, zilivyopita katika matumbo ya madola hayo yote zikatoka zingali hai.

Ni lugha mbili zisizo na udugu wowote. Kiarmenia ni tawi la peke yake katika aila ya lugha za Kihindi-Kiulaya, ilhali Kigeorgia ni cha aila ya Kikartveli, isiyohusiana na nyingine yoyote ijulikanayo. Sisi tuliozoea silabi zinazoishia kwa irabu hushangaa kusikia neno la Kigeorgia kama «gvprtskvni», lenye konsonanti nane mfululizo kabla ya irabu moja. Maana yake ni «unatumenya», yaani kumenya kama mtu amenyavyo chungwa. Lakini tulitazame vizuri. Ile «gv» ya mwanzo ni kiambishi cha mtendwa, sawasawa na «tu» katika «unatumenya». Nilipomweleza kiongozi wetu jambo hili alicheka sana, akaliandika neno la Kiswahili katika kijitabu chake. Tabia yake hiyo ya kuandika papo hapo ndiyo iliyoanza kunifungua macho.

Mama yule alikuwa mwalimu mstaafu. Alitupeleka Jvari, kanisa la monasteri lililojengwa mwishoni mwa karne ya 6 na mwanzoni mwa karne ya 7, juu ya kilima kinachotazama mahali mito Mtkvari na Aragvi inapokutana. Alitupeleka pia Gelati, karibu na mji wa Kutaisi, makao yaliyoanzishwa mwaka 1106 na Mfalme David wa Nne, ambaye Wageorgia humwita Mjenzi. Hapo mfalme hakujenga kanisa tu. Alijenga na chuo, akakusanya wanazuoni wafasiri na kufundisha. Kaburi lake limo langoni, chini ya jiwe ambalo kila aingiaye alilikanyaga, kama inavyosimuliwa kwamba ndivyo alivyotaka. Nilisimama kando ya jiwe hilo nikiwaza ni viongozi wangapi wa zama zetu wangeridhia kukanyagwa na wanafunzi.

Jioni ile mama yule alitusimulia habari ya tarehe 14 Aprili 1978. Georgia ilikuwa sehemu ya Muungano wa Kisovieti, na katiba mpya ilikuwa ikiandaliwa. Rasimu yake iliondoa kifungu kilichokitambua Kigeorgia kuwa lugha ya dola. Maelfu ya watu, wengi wao wanafunzi, walijitokeza katika barabara za Tbilisi kupinga, katika utawala ambao haukuzoea kupingwa. Yeye alikuwa miongoni mwa wanafunzi hao. Wakuu walirudi nyuma, na kifungu kikarudishwa. Nilimuuliza kama hakuogopa. Alisema aliogopa sana, lakini aliogopa zaidi kuja kuwa mwalimu asiye na lugha ya kufundishia.

Siku ya tano tulivuka mpaka huko Sadakhlo, tukaingia Armenia na kupokewa na kiongozi mwingine, kijana wa Yerevan. Kituo chetu cha kwanza kilikuwa Sanahin, monasteri ya karne ya 10. Wenyeji husema jina hilo maana yake ni «hii ni kongwe kuliko ile», wakiilinganisha na jirani yake Haghpat. Sanahin kuna maktaba ya mawe iliyojengwa mwaka 1063. Kuna pia ukumbi mwembamba baina ya makanisa mawili, na yasemekana wanafunzi walikaa kando kando baina ya nguzo huku mwalimu akipita katikati. Hakuna dawati wala ubao. Sakafu ni mawe ya makaburi. Lakini nilipoketi mahali pa mwanafunzi nilitambua mara moja kwamba nimo darasani.

Kutoka huko tulishuka hadi Yerevan, katika jumba liitwalo Matenadaran, ambamo mmehifadhiwa miswada ya mkono zaidi ya 17,000. Alfabeti ya Kiarmenia iliundwa na mtawa Mesrop Mashtots mnamo mwaka 405, ikiwa na herufi 36. Mbili ziliongezwa baadaye katika Zama za Kati. Mashtots hakuishia kwenye kuunda herufi. Alifungua shule, akawatuma vijana nchi za ng'ambo wakajifunze na kufasiri. Katika jumba hilo kuna kijikalenda cha mwaka 1434 chenye uzito wa gramu 19. Kando yake limo jitabu la mahubiri kutoka Mush, lililonakiliwa baina ya mwaka 1200 na 1202, lenye uzito wa kilo 28 hivi.

Kisa cha jitabu hilo ndicho kilichoniliza. Lilipoporwa mwanzoni mwa karne ya 13, watawa walikusanya michango wakalikomboa kwa fedha. Ilikuwa harambee hasa, kabla neno hilo halijafika kwetu. Likakaa Mush kwa karne saba. Mwaka 1915, katika mauaji ya halaiki ya Waarmenia chini ya dola ya Uturuki, wanawake wawili waliokuwa wakikimbia walilikuta katika magofu ya monasteri. Lilikuwa zito mno kwa mtu mmoja, basi wakaligawa mapande mawili. Mmoja alifika na pande lake Echmiadzin, makao makuu ya kanisa la Armenia. Mwenzake hakufika, kabla ya kufariki alilizika pande lake Erzurum, likaja kupatikana baadaye, na leo mapande yote mawili yamo mahali pamoja. Watu waliokuwa wakikimbiza roho zao, wasio na chakula, walichagua kubeba kitabu.

Tulipokuwa tukitoka, kijana yule aliniuliza kwa upole, «Profesa, nanyi Waswahili miswada yenu ya kale mmeiweka wapi?»

Nilimjibu kama mtaalamu. Nikamwambia kwamba mswada mkongwe wa Utendi wa Tambuka, wa mwaka 1728, ulioandikwa Pate kwa hati za Kiarabu, uko Hamburg. Karatasi nyingi zenye mashairi ya Muyaka, aliyoyahifadhi Mwalimu Sikujua wa Mombasa, ziko London. Mkusanyo mkubwa uko Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Lamu kuna miswada ya Msikiti wa Riyadha, ambayo imepigwa picha na kuhifadhiwa kwa mitambo ya kisasa. Na mingine mingi imo masandukuni mwa watu, Siyu na kwingineko, ikiliwa na mchwa na unyevu. Alinisikiliza, kisha akauliza swali la pili: «Na ile uliyoikusanya wewe mwenyewe?»

Swali hilo sikulijibu. Nilipokuwa mwanafunzi wa shahada ya uzamili, nilikwenda Vanga na Wasini kuwarekodi wazee wasemao Kivumba, lahaja ya Kiswahili cha kusini mwa pwani yetu. Nilirudi na kanda 31. Nikaandika tasnifu, nikapata shahada, kisha nikapata nyingine, nikapandishwa cheo. Kanda zikatiwa katika katoni, na katoni ikawekwa chini ya meza yangu nyumbani. Niliporejea kutoka Armenia niliifungua. Kanda nane zimeota ukungu na hazisikiki tena. Mojawapo ilikuwa ya bibi mmoja aliyenitajia, kwa mchana mzima, majina ya pepo na ya mawimbi, na jinsi mvuvi ajuavyo lipi la kuogopwa. Bibi huyo alikwisha kufariki. Aliniamini akanipa mali yake, nami nikaipoteza bila habari. Hapana serikali ya kulaumiwa hapo, wala mkoloni.

Huenda msomaji akasema kwamba ninalinganisha mlima na kichuguu. Kwamba wale walikuwa na wafalme, makanisa na alfabeti yao wenyewe, na jamii zetu nyingi zilitegemea masimulizi ya mdomo. Hoja hiyo ina uzito, lakini si wote waliokuwa na alfabeti waliosalimika. Katika eneo hilo hilo la Kaukazi, ambalo sehemu yake kubwa leo ni Azerbaijan, palikuwa na taifa la tatu lililoitwa Albania ya Kaukazi, lisilohusiana na Albania ya Ulaya. Nalo lilipata alfabeti katika karne ya 5, na mapokeo yanasema iliundwa na Mashtots yule yule. Lakini shule zake na kanisa lake vilidhoofika, wanafunzi wakakatika, na maandishi yake yakasahauliwa. Mwaka 1937 orodha ya herufi zake iligunduliwa ndani ya mswada wa Kiarmenia. Katika miaka ya 1990 maandishi yenyewe yalitambuliwa katika monasteri ya Mtakatifu Katerina huko Sinai. Ngozi iliyoandikwa lugha hiyo ilikuwa imefutwa, na juu yake pameandikwa Kigeorgia. Jamaa yake wa karibu, Kiudi, angali anasemwa na watu elfu chache.

Ni bayana basi kwamba alfabeti peke yake haiokoi lugha, wala kuta nene haziiokoi. Tofauti baina ya Kiarmenia na Kialbania cha Kaukazi ni kwamba cha kwanza hakikupata kukosa mwalimu anayenakili na mwanafunzi anayesubiri kunakili baada yake. Monasteri zilikuwa mahali pa kuhakikisha kwamba mnyororo huo haukatiki. Kazi hiyo haina dini maalumu. Wanakili wa misahafu wa Siyu waliifanya katika karne za 18 na 19, na jirani zetu wa Ethiopia wameifanya kwa lugha ya Kige'ez tangu enzi za Aksum.

Katiba yetu ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza, na inaitaka dola iendeleze na kulinda lugha za wenyeji. Wanafunzi wa Tbilisi waliandamana ili kifungu kama hicho kisifutwe. Sisi tunacho, na tumekiacha kilale usingizi. Huko msitu wa Mukogodo, lugha ya Kiyaaku imekaribia kutoweka huku wajukuu wa wasemaji wake wakisema Kimaa. Shuleni bado tunawasikia watoto wakichekwa kwa lafudhi ya mama zao, na mara nyingine anayecheka ni mwalimu.

Walimu wenzangu, sisemi tungoje bajeti. Likizo moja tu ya Agosti yatosha kuanza. Kila mwanafunzi wa shule ya upili na apewe daftari moja na mzee mmoja. Aandike kwa lugha ya mzee huyo majina ya mimea, vifaa, misimu na jamaa. Aandike jina la msimulizi, mahali na tarehe. Kisha daftari liwekwe maktabani, si kwenye jalala la mitihani. Kwa wanafunzi wa vyuo vikuu, tasnifu isipokewe mpaka rekodi zake ziwekwe mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuzifikia. Sheria hiyo ingalikuwapo zamani zangu, bibi wa Vanga angalikuwa anasikika hadi leo.

Wanakili wa Kiarmenia walikuwa na desturi ya kuongeza maneno yao wenyewe mwishoni mwa kitabu. Walitaja majina yao, mwaka, na shida za wakati ule, kama vita, njaa au baridi, wakamwomba msomaji awakumbuke. Washairi wetu wa tenzi walifanya vivyo hivyo, wakitaja jina na tarehe katika beti za mwisho. Mwezi huu nimeanza kuzinakili kanda 23 zilizosalia, nikiandika kila neno. Nimemaliza mbili. Ukurasa wa mwisho wa kila daftari nimeorodhesha zile nane zilizoharibika, majina ya waliosema ndani yake, na jina la aliyeziharibu.