Kabla hujanyanyua mbele ya pikapu, ipakie kwanza

Leo kantangaze na viuatilifu vipumzike kidogo, tuongelee gari. Najua yupo atakayesema bwana shamba na magari wapi na wapi. Sasa nyanya ukishaichuma, kilichobaki si gari tu? Tukikazana na mbegu na mbolea halafu mzigo ukalala njiani, tumefanya kazi gani?

Msimu huu nimetembelea vijana wanne walionunua pikapu, na watatu kati yao wameshanyanyua mbele. Wote wananipa jibu moja: "Bwana shamba, gari lilikuwa limeinamisha pua, halipendezi." Wengine wameona kwenye simu magari ya Marekani, makubwa kama Chevrolet Silverado 2500HD, pua imepandishwa ikalingana na nyuma. Kweli linapendeza. Mimi mwenyewe nalitamani.

Lakini niseme wazi: kwa pikapu inayobeba mazao, kunyanyua mbele ili ilingane na nyuma ni kosa mara nyingi kuliko kuwa faida. Pua haikuinama kwa bahati mbaya. Kiwanda kiliacha nyuma juu kikijua siku moja utaweka gunia kumi za mahindi. Nilipima gari la jirani yangu mwezi uliopita, kutoka chini hadi ukingo wa madigadi ya nyuma: tupu sentimita 92, na mzigo sentimita 84. Mbele halikushuka hata sentimita moja. Yaani likibeba ndipo linapokaa sawa. Wewe ukilisawazisha likiwa tupu, ukilipakia linakaa kama mbwa aliyekalia mkia na taa zinaangaza miti.

Ngoja niwape kisa kilichonifanya niandike. Kuna mwenzetu wa Ilula, jina namhifadhia. Ana Hilux Vigo, analima nyanya ekari tatu, na gari bado analilipia mkopo wa kikundi. Alienda kwa fundi, mbele akawekewa spesa juu ya shokapu, nyuma akawekewa vitalu vya chuma kati ya ekseli na springi ili nako kupande. Siku hiyo alikuwa anapeleka kreti Morogoro, nikaomba lifti hadi Ruaha Mbuyuni. Mnaijua Kitonga. Tulipoanza kushuka nikasikia harufu ya breki kabla hata hatujafika kwenye kona mbaya. Kila akikanyaga, pua inazama na usukani unatetemeka, nyuma ni kama hakuna breki kabisa. Nikamwambia weka gia ya pili, usishike breki muda wote, tafuta pa kuegesha. Tulikaa pembeni karibu saa nzima, rimu za mbele hazishikiki kwa moto. Mbele yetu na nyuma yetu malori. Hatukuongea sana.

Kwa nini nyuma hapakuwa na breki? Pikapu nyingi za umri huo zina valvu ndogo ya breki kwenye chasisi, na fimbo inayotoka kwenye valvu hiyo hadi kwenye ekseli ya nyuma. Gari likiwa tupu, nyuma iko juu, fimbo inaiambia valvu ipunguze breki za nyuma ili matairi yasijifunge. Ukipakia, nyuma inashuka, valvu inafungua, breki za nyuma zinafanya kazi yote. Sasa fundi amepandisha nyuma kwa vitalu, fimbo hakuigusa. Valvu inaamini gari ni tupu hata ukiwa na tani moja mgongoni! Breki za mbele zinabeba kila kitu, kwenye mteremko kama ule. Dawa yake ni kipande kidogo cha chuma cha kurudisha fimbo kwenye nafasi yake, na kuipima upya. Hakuna aliyemwambia.

Tulipokuwa pale pembeni nikachungulia chini ya gari. Kipira cha jointi ya draivu shafti upande wa kushoto kilikuwa kimepasuka, grisi imerukia hadi kwenye amu. Hili nalo linatokana na kunyanyua.

Hapa kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Gari kama Land Cruiser ile mnayoiita mkonga, mbele ina ekseli moja nzima, na shafti zimelala ndani yake. Ukiinyanyua, zile shafti za ndani hazikunjiki. Ina matatizo yake mengine, ila si hilo. Hilux, D-Max, Ranger, L200 za sasa, hizi mbele kila tairi linajitegemea: amu ya juu, amu ya chini, na difu imefungwa kwenye chasisi katikati. Ukinyanyua chasisi, difu inapanda nayo, matairi yanabaki chini, na shafti zinateremka kwa pembe kali. Kipira kinajikunja kila mzunguko mpaka kinachanika, vumbi la shambani linaingia, jointi inaanza kulia tak-tak-tak ukikata kona. Hata ile Silverado 2500HD, pamoja na uzito wake wote, mbele imejengwa kwa mfumo huohuo wa amu, na haikwepi jambo hili. Ukubwa wa gari haubadilishi pembe ya shafti.

Halafu kuna hesabu ya spesa. Shokapu haikai kwenye tairi, inakaa kwenye amu ya chini, karibu na katikati yake. Kwa hiyo spesa ya milimita 25 inainua mbele karibu mara mbili yake, kama milimita 50 hivi. Kijana anaagiza spesa ya milimita 50 akidhani anapata 50, anapata karibu 100, na fundi anafunga tu kwa sababu imeingia. Hapo amu zimening'inia hadi mwisho wake. Ukipita tuta au shimo, tairi halina pa kushukia tena, linagonga "gu!" kila mara. Boljointi zinakaa kwa pembe isiyo yake. Na alaimenti imeharibika yote. Ukiondoka bila kuipima, tairi jipya linaliwa upande mmoja kabla hujamaliza kuvuna.

Wenye magari ya zamani kidogo, kama Nissan Hardbody D22, D-Max za kwanza kabla ya 2012, na Hilux nyingi za mwisho wa miaka ya 1990, hamna koili mbele. Mna toshenibaa, ile nondo ndefu ya springi inayojisokota. Kwenu kunyanyua ni bure kabisa: fundi anazungusha bolti mbili, soda haijaisha gari limepanda. Ndiyo maana wengi wanaingia mkenge. Kukaza bolti hakuongezi nguvu ya nondo hata chembe. Nondo ni ileile, unabadilisha tu mahali inapoanzia. Mtu akikuambia "nimekaza ili libebe zaidi," amekudanganya au naye kadanganywa. Bolti hiyo ipo kwa ajili ya kurudisha kimo pale nondo inapochoka. Zungusha urudishe kimo cha kiwandani, basi. Na weka alama ya rangi kabla hujaanza, ili ukitaka kurudi ujue pa kurudi.

Sasa mtaniuliza: bwana shamba, njia yetu ina mawe, tufanyeje? Swali zuri, na sisemi gari lisiguswe. Kwanza tazama kinachogonga ni nini. Mara nyingi ni difu ya nyuma, na hiyo iko kwenye ekseli. Uweke spesa ngapi, vitalu vingapi, difu ya nyuma haipandi hata nywele moja. Kinachoiinua ni tairi peke yake. Ukitoka kwenye 245/75R16 ukaenda 265/75R16, unapata milimita 15 chini ya difu. Ni kidogo, ila ni za kweli, na kwenye njia ya shamba milimita 15 zinatosha kupita jiwe lililokuwa linakukwangua. Hakikisha tu tairi haligusi popote ukikata usukani hadi mwisho gari likiwa limepakiwa, na ujue kilomita mia za kwenye mshale zitakuwa kama mia na nne barabarani. Trafiki hatasikiliza hesabu hiyo.

Pili, angalia kama gari halijachoka tu. Pikapu iliyotembea miaka kumi, koili zimelala, bushi zimekwisha. Anayeweka spesa juu ya koili iliyochoka anamvisha mgonjwa viatu virefu. Badilisha koili na shokapu kwanza, pima, uone kama bado unahitaji kunyanyua. Nyuma kama linakaa sana, ongeza jani la springi lililotengenezwa kwa gari hilo kuliko kitalu cha chuma. Na punguza lumbesa, jamani. Hakuna springi ya lumbesa.

Tatu, na hili vijana hawalipendi: jembe. Lile bonde linalokuzuia kila mwaka, wewe na majirani watano mkijaza mawe siku mbili, linapitika hata na toyo. Nimeona watu wanatumia pesa za mbegu kunyanyua gari ili wapite kwenye shimo la mita nne.

Kama baada ya yote haya bado unataka kunyanyua, kwangu mimi mwisho ni sentimita nne mbele, upimwe kwenye madigadi na si kwenye spesa. Nyuma uiache. Alaimenti siku hiyohiyo, na tena baada ya wiki mbili kwa sababu vitu vinakaa. Vipira vya shafti uvichungulie kila unapoosha gari. Kikianza nyufa, kubadilisha kipira ni rahisi mno kuliko jointi nzima. Shusha taa. Na mwenye bima amjulishe wakala wake kabla, si baada.

Yule wa Ilula ametoa vitalu vya nyuma. Spesa za mbele amezibadilisha akaweka za nusu yake, ingawa mimi nilitaka azitoe zote. Tulibishana getini kwake hadi jua likazama, na bado anaona mimi ni mshamba wa magari. Sawa. Fimbo ya valvu imerudi mahali pake, na juzi ameshuka Kitonga na kreti 60 akanipigia simu kutoka Mbuyuni kuniambia rimu zinashikika.

Kabla hamjaenda kwa fundi, chukueni futi kamba, mpime pembe nne za gari tupu, kisha lilelile likiwa na mzigo wako wa kawaida. Niandikieni namba hizo nane na aina ya gari, tuangalie pamoja. Wiki ijayo tunarudi kwenye vitunguu.