Si Kuzunguka Tu!

Muhula uliopita, chama chetu cha Kiswahili kilikuwa na mjadala kuhusu michezo. Niliposimama na kusema kwamba mimi napenda mbio za magari za Marekani, zile za kuzunguka uwanja wenye umbo la yai, darasa zima liliangua kicheko. Mmoja akapaza sauti, "Ati kukata kona kushoto tu mpaka jioni? Hata mkokoteni unaweza!" Kengele ikalia kabla sijajibu. Basi jibu langu ni hili.

Nakiri kwamba hata mimi nilicheka siku ya kwanza. Nilikuwa kwa mjomba, ambaye ni makanika, tukitazama mbio hizo kwenye televisheni. Nikamuuliza, "Mjomba, mbona hawa hawaendi popote?" Akanijibu, "Wewe usitazame gari, tazama magurudumu." Nikayatazama. Kicheko kikaniisha.

Chukua uwanja wa Daytona ulioko Florida, uliofunguliwa mwaka wa 1959. Mzunguko mmoja ni kama kilomita 4. Kwenye kona, barabara imeinuliwa upande wa nje kwa nyuzi 31, kama paa la nyumba. Magari hupita hapo yakienda karibu kilomita 300 kwa saa, yaani zaidi ya mita 80 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kusema "Shikamoo mwalimu", gari limeshapita urefu wa uwanja wa kandanda! Na haliko peke yake. Kuna jingine mbele, jingine nyuma, na jingine ubavuni, yamekaribiana kama abiria wa matatu saa za jioni.

Kwa nini yakaribiane hivyo? Kwa sababu ya upepo. Gari la mbele hupasua hewa, na la nyuma hujificha mgongoni mwake likapata njia nyepesi. Yakifuatana mawili, huenda kasi kuliko moja lililo peke yake. Kwa hivyo dereva humhitaji adui yake! Atamfuata mizunguko mingi, kisha achague wakati wa kumwacha. Akichomoka mapema, upepo utamrudisha nyuma. Akichelewa, mbio zimekwisha. Je, huo ni ujuzi wa mkokoteni?

Sasa twende Indianapolis, uwanja uliofunguliwa mwaka wa 1909. Mbio zake kubwa ni za mizunguko 200, ambayo ni karibu kilomita 805. Kila mzunguko una kona 4. Piga hesabu: kona 800! Tena kona hizo hazifanani. Mafuta yakipungua gari huwa jepesi, matairi hulika, na upepo hubadilika. Kona ya mzunguko wa kumi siyo kona ya mzunguko wa mia moja na hamsini, hata kama lami ni ile ile. Dereva huzisoma zote kwa mikono na makalio, na akikosea moja tu, ukuta unamngoja.

Isitoshe, si kasi pekee inayoshinda. Mwaka wa 2016, Alexander Rossi alikuwa akishiriki mbio hizo za Indianapolis kwa mara ya kwanza. Wenzake walipoingia kuongeza mafuta karibu na mwisho, yeye hakuingia. Aliyabana yale yaliyobaki, akapunguza mwendo huku roho mkononi, akavuka mstari wa mwisho tangi likiwa limekauka. Akashinda! Wahenga hawakukosea waliponena kwamba mvumilivu hula mbivu.

Kuna watakaosema kwamba sisi Wakenya tuna Safari Rally, ya nini kutamani ya wengine? Mimi naipenda Safari Rally, iliyoanza mwaka wa 1953. Najivunia Joginder Singh aliyeishinda mwaka wa 1965, 1974 na 1976. Lakini huko unangoja kando ya njia, gari linapita fyuu, unabaki na vumbi puani. Kwenye uwanja wa yai, mtazamaji huketi mahali pamoja akaona kisa chote, tangu mwanzo hadi mwisho. Ndio utamu wake.

Kuna pia wanaosema ni mchezo wa kifo. Hapo sitabisha. Dale Earnhardt, bingwa mara 7, alifariki Daytona mwaka wa 2001 katika mzunguko wa mwisho. Lakini mwaka huo huo madereva wa mbio hizo walilazimishwa kuvaa kifaa cha kushikilia kichwa na shingo, na kuanzia mwaka wa 2002 viwanja vilianza kuwekewa kuta za kupunguza kishindo. Aidha, wenzangu, uwanja ni uwanja na barabara ni barabara. Anayeiga kasi ile kwenye barabara zetu si dereva, ni mwuaji.

Nimalizie na Wendell Scott, mwanamume mweusi wa Virginia aliyekuwa makanika na dereva wa teksi. Wakati wa ubaguzi wa rangi, alitengeneza magari yake mwenyewe. Tarehe 1 Desemba 1963 alishinda mbio za Jacksonville, lakini mwenzake mzungu ndiye aliyetangazwa mshindi na kupewa kombe. Baadaye, watu walipokwisha kwenda zao, wakuu walikiri kwamba Scott ndiye aliyeshinda. Alikuwa amemzidi huyo mwingine kwa mizunguko miwili! Kumbe hata wenye kazi ya kuhesabu mizunguko waweza kutazama wasione.

Nilipomsimulia mjomba kisa hicho, alinyamaza, akaendelea kufunga nati. Yeye hufungua na kufunga injini zile zile kila siku, na wapo wanaomwona kuwa mtu aliyeshindwa na masomo. Hawajui kwamba kila injini humpa mtihani mpya. Kwa hivyo, ewe uliyepaza sauti siku ile, sina kinyongo nawe. Jumamosi moja njoo karakana kwa mjomba. Tutakupa spana, kisha tuone kama utacheka.