Wachoraji wa Misikiti ya Cairo

David Roberts, mwana wa fundi viatu wa Scotland, alifika Cairo mwishoni mwa mwaka 1838, naye alitaka kuichora misikiti ya kale. Aliruhusiwa kuingia, ila kwa sharti: asitumie brashi za nywele za nguruwe. Akanyoa sharafa zake, akavaa Kituruki, akachora huku akisukumwa na watu njiani. Picha zake zapendeza mno, ingawa wachoraji wa namna hii hupenda kumpunguza mtu ili mnara uzidi kimo. Mfaransa Pascal Coste, aliyemtangulia, alikuwa mjenzi wa Muhammad Ali, mtawala wa Misri. Yeye alipima kuta na nguzo. Fundi apewaye kazi ya kutengeneza tao lililobomoka huitazama picha ya Roberts kwa furaha, kisha hukifungua kitabu cha Coste.