Pepo Hupungwa au Hukemewa?

Kiswahili kina vitenzi viwili vinavyohusu pepo, na tofauti yake si ndogo. Katika mila za pwani, pepo hupungwa. Mganga humpigia ngoma, humuuliza jina na kabila lake, kisha husikiliza anachodai: pete, kanzu, manukato, pengine damu ya mbuzi. Mgonjwa huitwa kiti, kwa kuwa pepo amemkalia. Hayo ni mapatano. Pepo hupewa chake ili atulie, na huenda akarudi kudai zaidi. Katika Injili, pepo hukemewa. Yesu hatozi ada wala hatoi kafara. Huamuru, nao hutoka.

Mkazi wa Mbotela, sawa na jirani yake wa Kaloleni au Maringo, anayajua makesha ambamo vipaza sauti hukemea mapepo hadi alfajiri. Sishindani na imani ya wanaokesha. Ninachouliza ni kama kinachofanywa humo ni kukemea kweli. Mhubiri anapomhoji pepo mbele ya umati ili ataje jirani aliyemtuma, na mgonjwa anapotakiwa kwanza “apande mbegu” ya fedha, hapo pepo anapungwa, ijapokuwa ngoma imeachwa na jina la Yesu linatajwa. Madhara yake si haba: jirani asiye na hatia hubandikwa uchawi, na mwenye kifafa huacha dawa.

Tuitazame sura ya tano ya Injili ya Marko. Mtu mmoja aliishi makaburini, akijikatakata kwa mawe. Wenzake walikuwa wamemfunga kwa minyororo, akaikata. Yesu alimwuliza pepo jina, kama afanyavyo mganga, lakini mazungumzo hayakuendelea kuwa mapatano. Nguruwe wapatao 2,000 walizama ziwani, na mtu yule akaonekana ameketi, amevaa nguo, ana akili timamu.

Watu walipokeaje mamlaka hayo? Waliogopa, wakamsihi Yesu aondoke katika nchi yao. Aliyeponywa alisihi afuatane naye, akakataliwa. Akaambiwa arudi nyumbani kwa jamaa zake. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye kiini cha kisa. Wenyeji walikuwa wamemzoea mgonjwa wa makaburini. Mzima ndiye aliyewatisha, kwa kuwa uzima wake uliwagharimu. Naye Kristo hakumgeuza kuwa ushahidi wa kuzungushwa mikutanoni. Alimrudisha kwao.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunajua kwamba “wazimu” na “mzimu” yana mzizi mmoja. Lugha yetu imehifadhi imani ya kale kuwa maradhi ya akili hutokana na mizimu. Hata hivyo, asili ya neno si uchunguzi wa daktari. Jijini humu humu, Hospitali ya Mathari imekuwa ikihudumia wagonjwa wa akili tangu mwaka wa 1910, na kumpeleka mgonjwa huko si kumpinga Kristo. Aaminiye kwamba Kristo ana mamlaka juu ya pepo hana sababu ya kuogopa kidonge.

Basi, kesha likiisha, tusihesabu waliopiga mayowe na kuanguka. Tuulize kama mgonjwa amerudi kwao, amevaa, ana akili zake, na jamaa zake wako tayari kumpokea. Asiporudi hivyo, tusiseme pepo amekemewa, amepungwa tu.