Leo Tarehe Ngapi? Iulize Seva!

Wiki hii kijiwe chetu kimehamia Nyansurura, kule Mara, kwa binamu yangu mwenye duka la dawa za mifugo. Jamaa anakopesha, na madeni yote yamo kwenye kompyuta. Ukichelewa kulipa hata siku moja, unakula faini. Hakuna cha mswalie Mtume!

Basi siku moja kaingia mama mmoja muuza dagaa, kafura kwa hasira. "Mura, nilikulipa Jumanne, siku ya mwisho. Iweje unanitangaza sokoni kuwa mimi mdaiwa sugu?"

Binamu kafungua kompyuta. Ikasema mama kalipa Jumatano. Mama naye katoa simu, ujumbe wa malipo huu hapa: Jumanne, saa kumi jioni. Kasheshe! Watu wakajaa mlangoni.

Mchawi alikuwa nani? Saa ya kompyuta. Kibetri chake kimekufa, umeme ukikatika inasahau tarehe. Binamu alipoirudisha kwa mkono, akaruka siku moja mbele. Na programu yake ilikuwa inaichukua tarehe hapo hapo dukani. Ukimuuliza mlevi njia, usishangae ukilala mtaroni.

Dawa yake ni kuuliza kule madeni yanakotunzwa, yaani kwenye seva ya kanzidata. Lugha ya kuongea nayo ni SQL, ambayo Donald Chamberlin na Raymond Boyce wa IBM waliitambulisha mwaka 1974. Swali lenyewe ni fupi kuliko meseji ya kuomba vocha:

SELECT CURRENT_DATE;

PostgreSQL na MySQL wanalielewa hivyo hivyo. Ila kila mtaa una kilugha chake. Kwa SQL Server wengi huandika SELECT GETDATE(), na watu wa Oracle wamezoea SELECT SYSDATE FROM DUAL. Hao wawili wanakupa na saa juu yake. Uzuri wake ni kwamba hata duka likiwa na kompyuta kumi, zote zinapata jibu moja.

Binamu akabadilisha, akamfutia mama faini. Stori ingeishia hapo, lakini wapi! Wiki iliyofuata mchimba dhahabu mmoja wa Nyamongo, deni lake mwisho Jumanne, katuma hela kwa simu saa saba usiku. Hapo Jumatano imeshaingia. Seva ikaandika Jumanne! Jamaa kapona faini kiulaini.

Kulikoni? Seva ile ni ya kukodi, na saa yake imewekwa kwenye UTC, ambayo sisi tumeitangulia kwa saa tatu. Kwa hiyo kila siku, toka saa sita usiku mpaka saa tisa usiku, sisi tuko leo, yenyewe bado iko jana. Kwenye PostgreSQL unainyoosha hivi:

SELECT (CURRENT_TIMESTAMP AT TIME ZONE 'Africa/Dar_es_Salaam')::date;

Hapo umeiuliza vizuri: kwa saa za Bongo, leo ni lini?

Binamu akataka kumfuata mchimbaji amdai faini yake. Nikamwambia aache, kosa ni la mashine yako, si la mteja. Tena wewe bado una deni. Mama wa dagaa umemfutia faini humu ndani, lakini jina lake ulilichafua kule sokoni, na SQL haina amri ya kulisafisha.

Akanyamaza. Siku ya mnada kaenda mwenyewe, kasimama mbele ya meza ya dagaa, kasema kwa sauti kila mtu asikie: "Huyu mama hadaiwi na hakuchelewa. Saa yangu ndiyo iliyodanganya."

Mama kampimia dagaa kopo moja. Halafu kamwambia alipe leo leo.

Tukutane wiki ijayo!