Kipimo cha Kiharusi Kivuke Maji

Mtoto mwenye selimundu huweza kuamka mzima, akacheza ufukoni na wenzake, na jioni akarudishwa nyumbani mkono na mguu vimelegea, kinywa kimepinda. Machoni petu kiharusi hicho huja ghafla. Lakini mara nyingi hutanguliwa na dalili isiyoonekana: damu kwenda kwa kasi mno katika mishipa ya ubongo.

Kasi hiyo hupimika. Mvuvi anayeyakabili mawimbi hupigwa nayo mara nyingi kuliko yule anayeyapa mgongo. Kanuni ya namna hiyo ilielezwa na Doppler, mwanasayansi wa Austria, mwaka 1842. Mashine yenye jina lake hupitisha katika panja la mtoto mawimbi ya sauti yasiyosikika. Yagongapo chembe za damu hurudi yamebadilika, na kutokana na badiliko hilo kasi hukadiriwa. Chini ya sentimeta 170 kwa sekunde ni kawaida. Kuanzia 200 ni hatari kubwa. Utafiti uliotangazwa Marekani mwaka 1998 ulionyesha kwamba watoto wa kundi hilo la hatari, kama mmoja katika kila kumi, hupatwa na kiharusi kwa mwaka, na kwamba kuwaongezea damu mara kwa mara kulipunguza hatari hiyo kwa zaidi ya asilimia 90.

Hapa Mwanza jambo hili si geni. Mwaka 2019 Hospitali ya Bugando ilianza utafiti wa kuwapima watoto hivyo na kuwapa wenye kasi kubwa dawa ya haidroksiyurea. Kasi ilipungua.

Basi kipimo kipo na dawa ipo. Kizuizi ni maji. Mzazi wa Ukara huvuka hadi Bugolora, akasafiri hadi Nansio, kisha akapanda meli hadi Mwanza. Mtoto akiugua atafanya hivyo. Kumtaka afanye hivyo kila mwaka kwa mtoto anayeonekana mzima ni kumtwisha mzigo mzito.

Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa afya wapange ziara za kupima watoto visiwani. Lakini mashine peke yake haitoshi. Makadirio hutegemea pembe kati ya mawimbi na mshipa. Mpimaji asiyefunzwa akikosea pembe, kasi husomeka ndogo kuliko ilivyo, na mtoto aliye hatarini huambiwa yu salama. Mafunzo hayana budi kutangulia sherehe za kupokea mashine. Dawa nayo ipatikane huko huko, maana kupima bila kutibu ni kumtia mzazi hofu bure.

Nanyi wananchi wa visiwani, mtoto anayejulikana kuwa na selimundu mpelekeni kliniki hata siku anapocheza. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ubongo wa mtoto ukishaharibika, hakuna fundi wa kuujenga upya.