Ipi Inunuliwe: Konsoli au Kompyuta ya Michezo?

Jambo moja linalobishaniwa sana mabwenini mwetu likizo inapokaribia ni hili: kama mzazi amekubali kutoa fedha, je, inunuliwe konsoli ya kuchomeka kwenye televisheni, au kompyuta yenye nguvu ya kuchezea michezo? Wako wasiotaka kusikia ila PlayStation na Xbox, na wako wanaozidharau kabisa. Nami nataka kutoa maoni yangu, nikitumaini kwamba na wazazi wetu watayasoma.

Kwanza tuitendee haki konsoli. Tangu mwaka 1972, Magnavox Odyssey ilipoanza kuuzwa Marekani ikiwa konsoli ya kwanza ya nyumbani, kazi yake kubwa imekuwa kucheza. Waichomeka, waiwasha, wacheza. PlayStation 5 ilipotoka mwaka 2020 iliuzwa huko dola 499, na kwa fedha hizo ilikuwa vigumu kupata kompyuta mpya ya kulingana nayo katika michezo. Umeme wake wakati wa kucheza ni kiasi cha wati 200, yaani uniti moja ya LUKU yatosha karibu saa tano, bila kuhesabu televisheni. Kompyuta kubwa za michezo zina ulafi zaidi: kadi ya picha ya RTX 4090 peke yake yaweza kula hadi wati 450. Tena ndugu wawili huketi mbele ya televisheni moja, kila mmoja na pedi yake, wakacheka pamoja. Hayo si mambo madogo.

Hata hivyo konsoli ina kasoro moja kubwa: mwenye kuinunua siye mwenye kuitawala. Mwaka 2006 kampuni ya Sony ilitoa PlayStation 3, na mnunuzi aliruhusiwa kuweka ndani yake mfumo wa Linux, ikawa kompyuta ya kufanyia kazi. Jeshi la Anga la Marekani liliunganisha mashine hizo 1,760 zikawa kompyuta moja kubwa ya mahesabu. Lakini Aprili 2010 Sony ilitoa programu mpya iliyoondoa ruhusa hiyo, na aliyekataa kuipokea alifungiwa mlango wa kucheza na wenzake kwa mtandao. Chombo kilikuwa kile kile, fedha zimekwisha kulipwa, lakini kazi yake imepunguzwa na mtu aliye mbali.

Kompyuta haiko hivyo. Sehemu moja ikiharibika, aghalabu fundi huibadilisha bila kutupa nyingine. Tena michezo yenyewe, hata ile ya konsoli, hutungwa kwa kompyuta. Minecraft ilianzishwa mwaka 2009 na Mswidi mmoja, Markus Persson, kwenye kompyuta, na mwaka 2014 Microsoft iliinunua kampuni yake kwa dola bilioni 2.5. Leo programu ya Godot ya kutungia michezo, na Blender ya kuchorea maumbo, hutolewa bure kwa yeyote mwenye kompyuta. Mwenye konsoli hucheza kilichotungwa na wengine; mwenye kompyuta aweza kucheza, na aweza kutunga.

Je, basi kila mzazi anunue kompyuta ya michezo? La! Hapa nina neno na wanafunzi wenzangu. Wengi wetu humwambia mzazi, “Ni ya masomo,” kumbe moyoni twawaza mabao na mbio za magari. Kuandika insha, kupiga mahesabu na kujifunza kutunga programu hakuhitaji kadi ya picha ya bei kubwa. Mzazi aliyeuza magunia ya mahindi apate kulipia kadi hiyo, akiamini kwamba analipia elimu, amedanganywa na mwanawe mwenyewe. Konsoli angalau haimdanganyi mtu: kila aionaye ajua ni ya kuchezea.

Kwa hiyo shauri langu ni hili. Kama fedha ni za chombo kimoja tu, inunuliwe kompyuta ya mezani ya kawaida, hata iliyokwisha tumika, mradi fundi mwaminifu aikague, na sanduku lake liwe na nafasi ya kuongezea kadi baadaye. Michezo myepesi itachezeka tangu siku ya kwanza. Ile mizito ingoje, kwani haba na haba hujaza kibaba. Na kama nyumbani kompyuta ya kazi ipo tayari, na haja iliyobaki ni burudani tu, basi konsoli yafaa, wala kucheza si dhambi.

Lakini mwanafunzi aseme kweli kabla fedha hazijatoka: kiasi hiki ni cha kujifunza, na kiasi hiki ni cha kucheza. Mzazi akitoa, atoe akijua anatoa kwa ajili ya nini.

Mwanafunzi, Kidato cha Tano